Nilivyokwama Mkiani mwa Ndege

Wenzangu wa karakana,

Leo nimeaibika. Tena mchana, tena mbele ya wakwe! Naandika barua hii nimejifungia ndani, maana kila nikitoa pua nje kuna mtu anaangua kicheko. Kaeni chini kabisa. Mwenye chai mdomoni ameze kwanza.

Mnajua kwamba niliporudi nyumbani Ifakara nilipata kazi ya umeme kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Kuna jambo sikuwaambia. Watu wa hapa waliniuliza nilikuwa nafanya nini huko Dar es Salaam, nikajibu, "Nilikuwa fundi wa ndege." (Ukweli mnaujua. Miaka miwili mimi nilishika tochi, ninyi mkafunga skrubu. Siku moja moja mliniachia nisugue waya kwa msasa.) Basi jina likanikaa. Hapa mtaani kwetu Lumemo hata bibi vizee wananiita Fundi Ndege. Nami naitika!

Aliyelipenda jina hilo kuliko wote ni Veronika, binti mmoja anayefundisha ushonaji. Mwezi uliopita nikapeleka barua ya posa kwao, ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro. Baba yake, Mzee Benedikto, ni mkulima mkubwa wa mpunga, na umeme haumwingii akilini hata kidogo. Alimwambia mshenga wangu, "Mtu anayelishwa na waya, waya ukikatika atakula nini?" Posa akaijibu kwa neno moja: "Tutaona."

Juzi mzee huyo akaanguka. Alikuwa juu ya dungu shambani, anafukuza ndege wasile mpunga, alipoanza kushuka ngazi ikakatika. Wakamvusha kwa kivuko, wakamfikisha hospitali hapa. Mfupa wa nyonga umevunjika na damu nyingi imemtoka. Leo asubuhi daktari akasema wazi: apelekwe Dar es Salaam leo hii, akilala hapa usiku mmoja zaidi yeye hatoi ahadi. Ikaitwa ndege.

Mimi hayo ya ndege sikuyajua. Nilikuwa kazini, nimejaa pumba mpaka kwenye nyusi. Saa nane na nusu akaja Tomasi, tarishi wa hospitali, juu ya baiskeli, anahema.

"Fundi Ndege yupo?"

"Nipo."

"Ndege imeharibika kiwanjani. Unaitwa haraka!"

Jamani! Nilitamani niseme huyo mtu amehama. Lakini msimamizi wetu alishasikia, akaizima mashine na kutangaza, "Twendeni wote tukamwone kijana wetu akitengeneza ndege!" Wakaja. Watu kumi na wanane, wote weupe kwa vumbi la pumba, nyuma yangu, kama nimefufua maiti.

Kiwanjani nikakuta ndege ndogo ya abiria, injini mbili, viti vya upande mmoja vimeng'olewa ili machela ikae. Mawingu yalikuwa yameshuka kutoka milimani, kumekuwa kama jioni. Rubani, Mzungu mrefu mwenye masharubu mekundu, akanishika mkono.

"Fundi, injini mzuri. Taa ya ndani kufa. Mbele iko, nyuma hapana. Wewe weza?"

"Naweza," nikasema. (Sauti ilitoka nyembamba kama ya mbu.)

Nikadhani taa si kitu, wataondoka hivyo hivyo. Lakini mlangoni alisimama Sista Agata, mtawa muuguzi wa kumsindikiza mgonjwa, mfupi, mikono kiunoni.

"Fundi, nikueleze ili uelewe. Mgonjwa anawekewa maji ya mshipani njia nzima. Lazima niyaone matone. Yakienda mbio ni hatari, yakisimama ni hatari. Nimeshika chupa mkono mmoja na mgonjwa mkono mmoja, tochi nitashika kwa meno? Bila taa haondoki mtu."

"Na mimi saa kumi ondoka," rubani akasema, akionyesha mawingu. "Baadaye hapana. Kesho."

Saa yake ilionyesha saa tisa na dakika tano.

Ndipo nikaiona machela pembeni. Mzee Benedikto amelala, uso umekuwa wa majivu. Mkewe amekaa chini kando yake na kikapu cha pepeta za mpunga mchanga, za kula njiani. Veronika amesimama na mwavuli, tayari kumkingia baba yake. Alinitazama tu, na macho yake yalikuwa yanasema: si ulisema unaweza?

Nikapiga goti. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kumbe ndiyo wewe." Akavuta pumzi. "Unaona mambo, kijana. Ndege wameniangusha, na ndege imekuja kunibeba. Haya, kafanye."

Hapo mvua ikaanza kudondoka. Wakaipandisha machela ndani ili mgonjwa asilowe, wakailaza sakafuni, kichwa mbele, miguu nyuma. Mama mkwe akakaa kiti kimoja, Sista kingine. Mimi nikabaki na nafasi ya kuku mmoja.

Nikaanza kama mlivyonifundisha, na niwape haki yenu, sikusahau kitu. Fyuzi nzima. Swichi nzima. Taa mbili za mbele zinawaka, nne za nyuma kimya. Nikatoa balbu moja ya nyuma nikaiweka mbele: ikawaka. Kwa hiyo balbu hazina kosa. Nikafungua ubao wa dari. Hapo nikakuta kiungio cha waya kimeota kutu ya kijani kama ukungu wa mkate. Nikakisugua kwa msasa, nikakikaza, nikakivisha utepe. Mikono ilikuwa inajua kazi. (Mimi mwenyewe nilishangaa!)

"Kapteni, washa!"

Akawasha. Nyuma giza.

Nje kundi la wenzangu wa mashine likaguna, "Aaah!" kama timu imekosa penalti. Mama mkwe akaanza kusali rozari kwa sauti ya chini.

Nikakumbuka ule mtindo wa karakana: gonga, halafu tazama. Nikaupiga ukuta wa nyuma ngumi moja. Taa zote nne zikakonyeza! Mara moja tu, zikalala. Nikajua, hapo kuna kitu kinacheza. Taa za ndege ile zinarudisha umeme kupitia mwili wa ndege yenyewe, na waya wa zile nne za nyuma ulikuwa umefungwa kwa nati moja huko mkiani. Mtikisiko wa safari umeilegeza. Ni kukaza tu, basi. Lakini kuifikia ndiyo shughuli.

Nyuma kabisa pana kijimlango cha kuwekea mizigo midogo. Upana wake ni wa mbuzi, na mbuzi aliyefunga Kwaresima. Nikamwambia rubani, "Iache swichi imewashwa, ili nijue zikishika." Nikaichukua spana, nikatanguliza kichwa.

Kichwa kikapita. Mabega yakapita kwa mabishano. Nikatambaa mpaka kiunoni, nikanyoosha mkono. Nikaigusa nati kwa ncha ya kidole. Inacheza kama jino la mtoto! Ilibaki nafasi ya shibiri moja tu spana iifikie. Nikajisukuma. Siendi. Nikajisukuma tena. Siendi. Kwenye fremu ya kijimlango kuna kulabu za kufungia wavu wa mizigo, na moja ilikuwa imeunasa mkanda wangu wa suruali.

"Saa tisa na dakika arobaini," Sista akatangaza.

Nikapiga hesabu haraka. Kurudi nyuma, kujinasua, kuingia upya: dakika zitakwisha. Kuulegeza mkanda: sekunde moja. Tena huku nyuma ni giza, nani ataniona? Nikapenyeza mkono chini ya tumbo, nikaufungua mkanda, nikajivuta mbele kwa nguvu zangu zote.

Nikaenda. Suruali ikabaki.

Sasa sina budi kuwaeleza habari ya nguo yangu ya ndani. Msinihukumu. Kwenye mashine yetu kuna mifuko ya kitambaa cheupe ya mchele wa daraja la juu. Ni kitambaa kizuri, kigumu, hakichakai. Iliyotoboka tunagawiwa, na mama yangu ananishonea. Maandishi ya mfuko, jina la mchele na onyo kwa wapagazi, huwa yanatoka ukifua mara kumi. Hii nilikuwa nimeifua mara mbili.

Mimi huko ndani sikuwaza maandishi. Niliwaza nati. Nikaikamata kwa spana, nikasugua chini yake kwa msasa, nikazungusha. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu ikauma.

"Zimewakaaa!" Sauti ya rubani. Zote nne! Bila kukonyeza! Nilisikia makofi mpaka nje. Moyo ulinipanda, jamani. Miaka miwili ya kushika tochi, na leo taa za ndege zimewaka kwa mkono wangu mwenyewe.

Halafu makofi yakakatika ghafla.

Mzee Benedikto amelala pale sakafuni, uso umeelekea nyuma, taa nne zinamwangazia kitu kimoja. Na huyu mzee alijifunza kusoma ukubwani, mwaka juzi tu, kwa katekista. Tangu hapo hapitiwi na maandishi. Kibao cha kivuko anasoma, boksi la kiberiti anasoma. Nikasikia sauti yake, polepole, silabi kwa silabi:

"M-che-le... sa-fi."

Akafuata mstari wa pili:

"U-si-tu-mi-e... ku-la-bu."

Sikuelewa! Nilikuwa kichwa chini, masikio yamejaa damu. Nikasikia kicheko kinalipuka, nikadhani ni furaha ya taa. Nikajibu kutoka huko mkiani, kwa majivuno yote, "Msijali! Hiyo kwangu kazi ndogo tu!"

Ndege nzima ikatikisika. Ndipo nikahisi upepo. Upepo, mahali ambapo mtu mwenye suruali hausikii.

Nikajaribu kurudi nyuma. Nimekwama! Nikarusha miguu. Kumbe kila nikirusha miguu maandishi nayo yanacheza. Mama mkwe akajifunika kanga usoni, akilia, "Yesu na Maria, jamani, jamani!" Sista akafanya ishara ya msalaba, lakini alikuwa anacheka mpaka chupa ya maji inayumba. Na kundi la mashine lilikuwa limebanana madirishani, kila dirisha vichwa vitatu vyeupe.

Rubani akanishika vifundo vya miguu, akanivuta kama muhogo. Nikatoka. Nikasimama mbele ya wakwe zangu, spana mkononi, jasho usoni, mchele safi nyuma.

Suruali ilikuwa imechanika toka kiunoni hadi gotini. Veronika akapanda ngazi, akavua kanga yake ya mabegani, akanipa bila kunitazama. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka. Nikadhani analia, nikasema moyoni basi, posa imekwisha. Alipoinua uso nikaona ni kicheko kimemkaba.

"Baba hajacheka tangu aanguke," akaninong'oneza.

Nikamgeukia mzee. Machozi yalikuwa yanamtiririka, ameishika nyonga yake kwa mikono miwili. "Nyonga yangu, jamani! Mtoeni huyu, ataniua!" Lakini ule uso wa majivu ulikuwa umepata damu. Sista Agata akaangalia matone chini ya taa, akayahesabu kwa saa yake, akatikisa kichwa kukubali.

"Nayaona yote," akasema. "Fundi, Mungu akubariki. Sasa kavae."

Nilipoanza kushuka mzee akaniita. Kanga nimeshaifunga kiunoni (ya maua mekundu, mjue).

"Kijana. Hukuacha mpaka taa zimewaka?"

"Sikuacha, mzee."

"Hata suruali ilipobaki?"

"Hata ilipobaki."

Akapata pumzi. "Nikirudi, mlete mshenga wako tuongee. Na wewe mwenyewe uje." Akafumba macho. "Uje umevaa."

Saa kumi kasoro dakika tano ndege ikaondoka. Ilipopinda juu ya mto tuliviona vidirisha vyake, vyote vina mwanga. Kundi la mashine likanibeba juu juu, na kanga yangu, tukarudi mjini kwa nyimbo. Sikujua nicheke au nilie, nikapunga mkono.

Jioni hii Tomasi amekuja tena na baiskeli yake. Redio ya hospitali imepokea habari: wametua salama, maji hayakusimama hata mara moja, na madaktari wa huko wanasema mfupa utaunga.

Sasa nawaomba jambo. Jumamosi nendeni wodini mkamjulie hali mzee kwa niaba yangu. Mpelekeeni machungwa, msalimieni kwa heshima zote, mwambieni ninyi ni mafundi wenzangu. Ila akianza tu kusema, "Nanyi hamjasikia alichofanya huyu kijana," tafadhali, kwa urafiki wetu wote, semeni mmeshachelewa kazini.