Pampu Haideki

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Shangazi, mwenye kampuni yetu ya kusafisha vioo, ametangaza asubuhi, amesimama juu ya ndoo iliyogeuzwa, maana ni mfupi na hapendi kupuuzwa. Ijumaa tunasafisha vioo vya maktaba, ghorofa nne, mbele na nyuma. Atakayehakikisha mitambo haisimami siku hiyo ndiye atakayekabidhiwa ufunguo wa stoo na cheo cha Msimamizi wa Mitambo. Alisema "yeyote yule". Macho yalitua kwa wawili tu: mimi na Dada Spana.

Mimi nina stashahada ya mitambo ya maji. Dada Spana ana sikio. Huinamia pampu, hufumba macho, kisha husema inaumwa wapi, kama mkunga. Miaka kumi na miwili kazini na hajawahi kuchora mchoro hata mmoja! Namheshimu. Nitamshinda.

Saa nne toroli la pili liligoma. Kila toroli lina tangi, betri, pampu na kidhibiti, kile kisanduku kinachopima maji yapande kwa nguvu gani kwenye mpira hadi kwenye brashi. Skrini ikaandika herufi mbili: dE. Kitaalamu maana yake ni kwamba pampu imekuta njia imefungwa, ikajizuia isije ikapasua mpira. Wenzangu wao husoma "de", basi husema mashine inadeka. Nimewaeleza mara ngapi? Pampu haideki. Pampu haina mama.

Nikaifungua. Skrubu kumi na tisa. Nikakagua vali, nyaya, kila kitu. Nzima kabisa. Nikaifunga, nikakaa, nikawasha. dE. Dada Spana akapita na kikombe chake cha chai, akaniomba nisimame kidogo. Nikasimama. Maji yakaruka. Mguu wa stuli yangu ulikuwa umekanyaga mpira.

"Msomi," akasema, "inadeka kwa sababu umeikalia."

Ndefu, mshika ufito wetu wa brashi, alicheka hadi akaegemea ukuta. Hata hivyo, hiyo sasa ndiyo pampu safi kuliko zote hapa. Imebaki skrubu moja mkononi, dalili kwamba aliyeiunda hakuwa makini.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Nimeandika Mwongozo. Kurasa kumi na nne, wino wa rangi tatu. Umeanza na sheria za mgandamizo wa maji, kwa sababu mtu asiyejua asili ya tatizo hastahili kulitatua.

Ukapata kazi siku hiyohiyo! Mchana pampu ya toroli la tatu ilikuwa inanguruma vizuri, lakini kwenye brashi hata tone. Nikawakusanya wote. Tukaanza ukurasa wa kwanza, kwa utaratibu, pasipo kuruka. Fyuzi: nzima. Chujio: safi. Hewa ndani ya pampu: hakuna, kwa kadiri nilivyoweza kuona. Dada Spana aliinua kidole, nikamwomba asubiri zamu yake. Ukurasa wa tisa unauliza kama tangi lina maji.

Halikuwa na maji.

Ndefu akauliza kwa nini swali hilo halikuwa ukurasa wa kwanza. Nikamjibu kwamba kama ningeliweka hapo, kurasa nane zingekosa kazi. Akasema shikamoo. Ana umri wa kunizaa, kwa hiyo nadhani ni kejeli. Lakini Mwongozo ulisema tutapata jibu, na jibu tukalipata. Ilituchukua saa moja na robo tu.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Nimekuwa nikiwaza. Siwezi kuonekana hodari ikiwa mashine zinaharibika ovyoovyo, kwa sababu za kijinga, mahali nilipo mimi. Ninahitaji hitilafu ya heshima. Hitilafu ya kisomi. Na inipate nimejiandaa.

Ndani ya kidhibiti, ukibonyeza vitufe viwili kwa pamoja na kuhesabu hadi tano, kuna namba ya usikivu. Zetu zote ziko arobaini. Ukiishusha, pampu inakuwa na woga: kikwazo kidogo tu, inaandika dE na kusimama. Ukiipandisha, inakuwa sugu: hata ukiifungia koki, inaendelea kusukuma. Hapa hakuna anayeijua menyu hiyo ila mimi.

Dada Spana hutumia toroli la kwanza. Siku zote. Ni lake kama mswaki.

Wakati wa chakula nikaingia stoo. Arobaini ikawa nane. Mikono haikutetemeka hata kidogo. Ningefaa kuwa daktari wa upasuaji. Ijumaa mashine yake itasimama kila dakika. Atatega sikio, sikio halitasikia kitu, maana namba haina sauti. Ndipo nitakapovuka uwanja, taratibu, bila kujivuna, na kuirekebisha mbele ya Shangazi. Huu si uharibifu. Ni mtihani.

Jioni Dada Spana akanipa glavu mpya. Alisema ameona vidole vyangu vimeanza kupasuka kwa maji. Nilishukuru. Zinanitosha kabisa, jambo lililoniudhi.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Balaa!

Dada Spana amemwambia Shangazi, mbele ya watu, kwamba kesho mimi nitakuwa upande wa mbele, kila mtu ananiona, kwa hiyo anipe toroli la kwanza. Yeye atajikokota na la tatu. Shangazi akasema huo ndio utu. Ndefu akapiga makofi. Nikajaribu kukataa. Nikasema sistahili. Shangazi akashangaa, akasema ni mara ya kwanza kusikia neno hilo kinywani mwangu, nisiliharibu kwa kuendelea kuongea.

Nilitaka kurudi stoo kuirudisha namba. Imefungwa. Ufunguo uko na Shangazi, naye amekwenda kumwona mgonjwa. Nilizunguka jengo mara tatu. Dirisha la stoo lina nondo. Vioo vyake ni vichafu, tena sisi!

Wahenga wana methali kuhusu mchimba kisima. Lakini wahenga hawakuwa na vidhibiti. Nitairekebisha kesho palepale. Sekunde kumi zinanitosha.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Naandika nikiwa na nywele mbichi.

Tulifika maktaba saa mbili. Mkutubi Mkuu alikuwa mlangoni, suti ya rangi ya krimu, mikono nyuma. Shangazi kando yake. Nikainama kwenye toroli kana kwamba nafunga kamba ya kiatu. Vitufe viwili, hesabu hadi tano. Nane. Nikaanza kupandisha. Ishirini. Thelathini. Arobaini. Kisha nikafikiri: kwa nini nikomee kwenye arobaini ya watu wote? Woga ndio kasoro. Ujasiri haujawahi kuwa kasoro. Nikafika tisini na tisa. Skrini haikuwa na namba nyingine, la sivyo ningeendelea.

Saa nzima ya fahari! Maji yalipanda ghorofa nne bila kusita. Pembeni, toroli la tatu la Dada Spana lilikohoa mara mbili, naye akalibembeleza. Shangazi alinitazama akatikisa kichwa kwa kuridhika. Niliuona ufunguo ukining'inia shingoni mwangu.

Kisha nikafunga koki ili nihamie dirisha linalofuata. Pampu ya kawaida ingesimama. Yangu ilikuwa jasiri. Ikasukuma. Mpira ukavimba kama shavu la mpiga tarumbeta, kiungo kikafyatuka, na maji yakaenda moja kwa moja mlangoni. Kwa Mkutubi Mkuu. Suti yote.

Nilimkimbilia, nikamweleza kwamba maji yetu yamechujwa mara nne na hayaachi madoa. Ni kweli. Hakuonekana kufarijika.

Dada Spana alishafika. Alichomoa waya wa betri, akakirudisha kiungo, akawasha, akabonyeza vitufe viwili. Akahesabu hadi tano! Akatazama namba. Kisha akanitazama mimi.

"Jana asubuhi ilikuwa nane," akasema, polepole, nisikie peke yangu. "Nikasema nimrudishie mwenyewe, ataiweka arobaini, yaishe. Tisini na tisa, mdogo wangu? Ndiyo shule hiyo?"

Akaiweka arobaini. Shangazi alipofika akifoka, akamwambia kiungo kilikuwa kimechakaa. Kazi ikaisha saa kumi, vioo vinang'aa. Kazi ya mwisho ya upande wangu aliifanya yeye.

Nilipokuwa nakunja mpira alinijia tena. Shangazi hatasikia kwake, alisema. Atasikia kwangu mimi mwenyewe, kesho kabla ya mchana. Alinigusa bega. Sijui nilihisi nini. Pengine baridi.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Shangazi amemkabidhi Dada Spana ufunguo. Makofi. Nami nilipiga, kwa glavu, hayakusikika sana. Dada Spana akaomba niwe msaidizi wake. Shangazi akasema kama kuna kinachodeka katika kampuni hii si pampu, lakini haya, mchukue.

Saa tano nikaenda ofisini kusema ukweli. Nilikuwa nimeuandaa vizuri, aya tatu. Aya ya kwanza ilieleza kidhibiti na namba yake. Shangazi akaacha kuandika. Aya ya pili ilieleza jinsi mtu anavyoweza kuibadilisha namba hiyo wakati wa chakula bila kuacha alama. Shangazi akasimama. Akauliza: kumbe jana ilikuwa hujuma? Nikasema ndiyo. Akapiga meza. Akasema wote hawa wamekaa miaka na mashine hizi, na ni mimi tu niliyeligundua. Kumbe karo zangu za chuo hazikwenda bure! Akaniuliza kama ninaweza kumtafuta aliyefanya hivyo, akatamka maneno "Mchunguzi wa Mitambo", akaongeza kwamba cheo hicho kitakuwa juu ya cha Msimamizi.

Aya ya tatu ilikuwa fupi sana. Haikuwa na uzito wa zile mbili. Nikaiacha.

Nimekubali kazi. Nimepewa meza, daftari jipya na wiki mbili. Dada Spana ameniona nikitoka, akaniuliza kama nimesema. Nikamwambia nimesema karibu yote. Amenigeuzia mgongo na kuondoka, bila shaka kwa heshima.

Uchunguzi umeanza vyema. Nimeshabaini kwamba mhusika ni mtu mwenye elimu ya juu, mikono mitulivu, na ujasiri usio wa kawaida. Mtu wa aina hiyo hapatikani kirahisi. Nikimpata, kwanza nitampa mkono.