Gesi Yangu Inatoka, Haingii

Jumatatu, 3 Machi
Profesa katangaza. Kongamano kubwa lina nafasi moja ya msemaji kutoka ofisi yetu. Ataipata atakayeleta galaksi inayotema gesi kwa kasi kuliko zote. Tena si galaksi yoyote: iwe ile ambayo kiini chake kimefunikwa vumbi, darubini ya kawaida haioni kitu. Inasemekana humo ndani mna shimo jeusi linalokula bila adabu, na gesi inayonusurika inatoka mbio. Naielewa hiyo gesi. Nimewahi kukaa meza moja na mashemeji zangu.

Pasi naye kainua mkono. Tunamwita Pasi kwa sababu shati lake halikunjamani, hata Ijumaa. Kila kongamano hupelekwa yeye. Mimi sijapelekwa hata stoo. Safari hii haniachi!

Jumanne, 4 Machi
Kompyuta yenye skrini kubwa ni moja, nayo ni ya wote. Nikaibandika karatasi: MBOVU, USIGUSE. Hila nyepesi, safi. Nikaenda kunywa chai kwa raha zangu. Kurudi, meza tupu! Fundi kapita, kasoma, kaibeba kwenda kuitengeneza. Nikamwambia haina ubaya wowote. Akaniuliza nimejuaje. Nikakohoa. Akasema ataikagua polepole. Mashine inayoficha ugonjwa ndiyo ya hatari.

Pasi kanipa pole. Ana kompyuta yake.

Jumatano, 5 Machi
Nafanya kazi nyumbani kwa shangazi, kwa kompyuta ndogo ya kuazima, kwenye meza ya kulia chakula. Kila akipita ananiambia ninyanyue huo ulimwengu wangu afute meza.

NIMEIPATA! Mawimbi ya redio hupenya vumbi. Gesi iliyo mbele ya kiini huyameza kidogo, na kwenye grafu panatokea bonde. Bonde likikaa kushoto, gesi inakuja upande wetu, yaani inatoka. Likikaa kulia, inaingia. Langu liko kushoto kabisa, karibu lidondoke nje ya skrini. Kasi ya kutisha!

Shangazi akauliza ikitoka inaenda wapi. Nikasema haijulikani. Akasema basi ni mjomba wako mtupu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimerudi ofisini na kompyuta yangu ya kuazima, na Pasi anapita nyuma ya kiti changu mno. Mara kachukua stepla, mara karudisha stepla. Mimi si mtoto. Nimeigeuza grafu: kushoto kumekuwa kulia. Achungulie ashibe! Ataona galaksi inayomeza gesi, ataenda zake. Asubuhi kabla ya kikao naigeuza tena.

Ijumaa, 7 Machi
Sikuigeuza.

Asubuhi yote iliishia kwenye kutafuta tai. Nikasimama mbele ya kikao, nikasema kwa sauti nzito: tazameni inavyotema! Profesa akavua miwani, akaivaa tena. Akasema kwa upole, "Kijana, hii inameza." Nikageuka kutazama ukutani. Bonde liko kulia, limejikalia kama mgeni asiyeaga.

Hapo ningesema ukweli. Lakini ningeulizwa niligeuza kwa nini, na huyo "kwa nini" alikuwa kakaa mstari wa mbele na shati lake la bluu. Nikajibu kwamba ndiyo, inameza, nilitaka kuona nani yuko macho.

Profesa akafurahi! Gesi inayoingia kwenye kiini cha namna hiyo ni adimu, akasema, ndicho chakula chenyewe cha shimo jeusi. Nafasi ni yangu. Makofi. Pasi kapiga kuliko wote. Sijapenda.

Jumapili, 9 Machi
Chakula cha mchana kwa shangazi. Nikipanda jukwaani, wajuzi wote wataikagua galaksi ileile. Nikikiri, kwaheri kongamano. Nimepata njia: nitasema galaksi yenyewe imebadili mawazo. Shangazi kauliza hilo huchukua muda gani. Mamilioni ya miaka. Na kongamano lini? Mwezi ujao. Kaniondolea sahani.

Jumatatu, 10 Machi
Pasi kataka kunisaidia! Kwa moyo safi, na ndiyo ubaya wake. Kachukua data zilezile kwenye hifadhi ya darubini, kaanza upya, ili anithibitishie. Bonde likamtokea kushoto. Kakimbia kwa Profesa akidhani kakosea. Hakukosea. Galaksi inatema kuliko zote tulizowahi kuona ofisini.

Yangu hiyo! Nikaeleza yote, hadi stepla. Profesa akacheka mpaka akatafuta kiti. Akasema, ulitaka kumficha Pasi, ukajificha mwenyewe. Nafasi kampa Pasi. Pasi kaahidi kunitaja kwenye shukrani. Kisha, kwa adabu zote, kasema ile stepla ni yake.

Jumatano, 12 Machi
Nimetulia, nimejichunguza, kosa nimeliona. Kuigeuza grafu mara moja ni kazi ya mwanagenzi. Mtu yeyote ataigundua.

Leo nimepata galaksi mpya, vumbi tupu katikati, inatema vizuri sana. Nimeigeuza kushoto kwenda kulia. Kisha nikaigeuza tena. Mara mbili! Pasi kapita, kasimama, kaitazama kwa muda mrefu. Kasema hongera, ndugu yangu, bonde liko kushoto kabisa.

Nikatabasamu tu. Maskini wa Mungu, hajui kama limegeuzwa.