Akina Hajja Mbarka Arobaini

Jumatatu, 12 Mei
Kliniki yetu ya macho hapa Sfax ina hifadhidata mbili: ya zamani ya mapokezi, na mpya ya chumba cha upasuaji. Kila asubuhi mimi na Lamjed tunahamisha majina ya wagonjwa kutoka ile kwenda hii. Lamjed hukagua moja moja, kama mtu anayechambua miiba ya samaki. Mimi nimeandika programu. Majina yatahama yenyewe kila saa, kwenda na kurudi! Lamjed kauliza kurudi kwa nini. Nikamjibu aendaye hurudi. Hana ndoto yule.

Jumanne, 13 Mei
Inafanya kazi! Nimeshinda dirishani. Yasmini inanukia, majina yanapita kwenye kompyuta polepole kama mawingu. Nikajiona mkurugenzi, suti nyeupe. Nikasinzia. Kidogo tu.

Jumatano, 14 Mei
Balaa! Kila jina linaporudi hupokewa kama mgeni, hupewa namba mpya, hutumwa tena. Hajja Mbarka, mwenye mtoto wa jicho, sasa ni watu arobaini. Wamejaza ratiba ya upasuaji hadi Julai. Mwenyewe kaambiwa nafasi zote zimechukuliwa na Hajja Mbarka! Kanishika mkono: “Mwanangu mwenye sauti tamu, Jumamosi mjukuu wangu anapakwa hina. Nimwone kwa masikio?”

Alhamisi, 15 Mei
Nimewafuta akina Mbarka. Wote. Hata wa kweli! Bi Saloua, mkuu wetu, hakufoka. Kaniita “Bwana Mhandisi”, na hiyo ni mbaya zaidi. Kumbe Lamjed alihifadhi nakala ya Jumatatu. Kairudisha kimya kimya, bila hata kunicheka. Katili! Mchana Hajja kapasuliwa.

Jumamosi, 17 Mei
Bandeji ilitolewa jana. Hajja kanikazia macho: “Kumbe ndio wewe? Sauti ilikuwa inakusitiri.” Kliniki nzima kicheko. Lakini kanialika kwenye hina. Nimetoka huko sasa hivi. Alishika mikono ya mjukuu wake, akatazama kidole baada ya kidole, kana kwamba anasoma. Ngoma zikapungua zenyewe. Nikageuka ukutani, nikasingizia vumbi.

Jumatatu, 19 Mei
Bi Saloua kaniamuru nisiguse kitu ila kitufe cha kuwashia. Sawa. Ila leo nimegundua duka la dawa nalo lina hifadhidata yake, ya tatu, imekaa pweke. Sasa kosa nalijua: mbili zilikuwa chache! Tatu ni duara. Majina yatazunguka taratibu, taratibu, kama nyota.
Nimeshaiwasha.