Wastani wa Ukurasa wa Tisa

Jumatatu, 4 Machi

Hatimaye! Mkuu wa shule anataka kijitabu kimoja cha Takwimu kwa kidato cha tatu: majedwali, grafu, mazoezi, majibu. Atakayeandika kizuri zaidi ndiye mkuu mpya wa idara ya Hisabati. Tuko wawili tu, mimi na Bi Rula. Jina hilo nimempa mimi, kimoyomoyo. Miaka kumi na tisa anachora grafu kwa penseli, ulimi nje kama anayetunga uzi kwenye sindano. Mimi nimejifunza kuandika programu kwa wiki tatu, kwenye video. Mistari ishirini tu! Naiambia kompyuta inibunie wanafunzi arobaini na dakika wanazotembea kuja shule. Nabonyeza, jedwali hilo. Nabonyeza tena, grafu hiyo, rangi tatu. Kufika saa nne asubuhi nina kurasa kumi na mbili. Bi Rula bado anachonga penseli.

Jumatano, 6 Machi

Nimeshinda! Mkuu alisema hajapata kuona nguzo za grafu zilizonyooka namna ile. Bi Rula alikipekua kijitabu changu polepole, akauliza kama majibu niliyatoa pamoja na majedwali. Nikamwambia majedwali ni ya juzi, majibu ya leo, kompyuta ni ileile, na kompyuta haikosei kujumlisha. Akakunja karatasi zake, akazitia mkobani. Kijicho! Nilijaribu kumwonea huruma. Haikuja.

Ijumaa, 8 Machi

Jaribio, ukurasa wa tisa na wa kumi. Anayepata nusu anaingia mkondo wa sayansi. Binti yangu yumo. Anataka udaktari tangu enzi za kufunga bandeji miguu ya viti vyetu. Sikumsaidia hata kidogo. Mimi mtu wa haki.

Binti alinyoosha mkono akasema kwenye grafu kuna mtu anatembea dakika tisini, mbona kwenye jedwali hayupo. Nikamwambia asome swali, asitafute watu. Darasa likacheka. Kicheko kizuri.

Jumamosi, 9 Machi

Kusahihisha. Wastani wa ukurasa wa tisa: majibu yangu yanasema 41.7. Darasa zima limeandika 38.4. Sitini wote, imebaki karatasi moja! Wameibiana, hakuna shaka. Sifuri, sifuri, sifuri. Kalamu nyekundu imeisha wino, nimefungua nyingine.

Binti yangu naye sifuri. Alikuja sebuleni na karatasi, amejumlisha mara tatu, kila mara 38.4. Akasema, "Baba, basi jumlisha na wewe." Nikamwambia sina haja, kitabu kimeshajumlisha. Mama yake ni mkunga, hesabu zake ni za mapigo ya moyo. Akachukua simu, akajumlisha. 38.4. Nikamwambia simu yake ni ya zamani.

Mtoto alilia bila sauti. Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Kilio chenye sauti mtu unaweza kukikemea.

Jumatatu, 11 Machi

Yupo mmoja aliyepata yote! Msichana wa dawati la nyuma, hajapata kupita alama nane tangu aje. Ishirini kwa ishirini! Nikamsimamisha, nikawaambia wenzake waone matunda ya juhudi. Wakapiga makofi kama wanaua mbu. Mkuu akaja kumpa mkono. Orodha ya mkondo wa sayansi imebandikwa: jina moja. Msichana alikuwa anatazama sakafu. Unyenyekevu ulioje!

Jumanne, 12 Machi

Sitaki kuandika.

Naandika. Bi Rula alikaa katikati ya ofisi ya walimu na ukurasa wa tisa, akajumlisha kwa penseli mbele ya kila mtu. 1,536 gawanya kwa arobaini. 38.4. Kisha akauliza, kwa upole wa kuudhi, imekuwaje sitini waliokokotoa wakakosa, na mmoja akapatia jibu ambalo halimo kwenye namba. Mkuu akamwita msichana. Hakuzunguka. Karatasi ya majibu aliichukua kwenye droo yangu, na maswali hata hakuyasoma.

Kumbe kila ninapobonyeza, kompyuta inabuni wanafunzi wapya. Jedwali la watu wengine, grafu ya watu wengine, majibu ya watu wengine. Bi Rula akavuta kiti kwenye kompyuta yangu, akaongeza mstari mmoja, namba zikatulia, zilezile kila mara. Anajua programu! Alisomea! Nikamuuliza kwa nini basi anachora kwa mkono. Akasema, "Kwa sababu kwenye mtihani watachora kwa mkono, Mwalimu."

Walimu wote wakapata cha kutafuta kwenye mikoba yao.

Jumatano, 13 Machi

Jaribio limefutwa, litarudiwa. Idara amepewa Bi Rula. Binti yangu ameandika barua ya kuhamia darasa lake. Mwandiko mzuri, hakuna kosa. Mimi ni "Mwalimu husika". Nyumbani pia nimekuwa Mwalimu. Mezani: "Mwalimu, naomba chumvi." Nikampa. Mama yake alitazama sahani mpaka mlo ukaisha.

Nilitaka kumwambia hesabu yake ilikuwa sahihi. Nikamwambia mwandiko wake unalala.

Ijumaa, 15 Machi

Mkuu ananipa nafasi ya mwisho. Kabla ya kukitupa kijitabu, nikusanye maoni ya wanafunzi wote sitini na mmoja, kila mmoja kwa jina, nimpe jedwali na grafu kabla ya saa nane.

Kuwauliza? Kungekula kipindi kizima, na wangesema wanachofikiri. Nimeingiza majina kwenye programu. Ikabuni: arobaini na mmoja wameridhika. Haitoshi. Nikabonyeza tena: arobaini na mmoja. Tena: arobaini na mmoja! Ni ule mstari wa Bi Rula. Nimeufuta. Arobaini na tano. Hamsini na wawili. Hamsini na wanane, nikaacha hapo, mtu asizidishe.

Grafu nimeipaka kijani. Mkuu ameishika mbali na macho, akasema afadhali. Mstari wa ishirini na tatu wa jedwali, binti yangu: ameridhika sana.