Springi za Kilo Kumi

Jumatano, 2 Julai 2025
Shajara, niwie radhi. Miezi mitatu kimya! Nilikuwa gerejini Olasiti, chini ya Corolla yangu. Sabasaba nitashindana na shemeji Gadiel kwenye mzunguko wa vumbi, Kikatiti. Mke wangu, Skolastika, ametoa sharti: nikishindwa tena na kaka yake, mbio za Corolla basi, na gari litakuwa lake la kubebea ndizi hadi soko la Tengeru. Nimekubali. Sitashindwa!

Asubuhi nimelipima gari. Nyuma limelala kama ng'ombe anayecheua! Springi zake ni za kilo nne: kilo nne tu huzibana milimita moja. Aibu. Nimeagiza za kilo kumi.

Alhamisi, 3 Julai
Fundi Koikai aliniamkia, kisha akauliza kwa adabu kama nililipima gari likiwa tupu. Nilimkumbusha kwamba nimefundisha fizikia miaka thelathini na mmoja. Akasema, "Haya, Mwalimu," akafunga springi. Nikaamuru shokapu nazo zikazwe hadi mwisho. Akaonya kwamba gari litadunda. Vijana waoga!

Jumamosi, 5 Julai
Msiba! Skolastika anasema Jumatano nilipima kabla hajashusha mikungu yake saba. Saba! Ndani ya buti! Nirudi kukiri mbele ya Koikai? Kamwe.

Gadiel alipita, akaliegemea gari kwa nyuma kwa uzito wake wote. Halikushuka hata kidogo. Akauliza, "Shemeji, umefunga springi au mawe ya msingi?" Cheka tu!

Jumatatu, 7 Julai, Sabasaba
Niliongoza! Kona mbili nzima! Ya tatu, nyuma iliruka, magurudumu yakaacha ardhi, gari likageuka, nikamwona Gadiel akija uso kwa uso. Alinipungia mkono. Nilisimama katikati ya mabua ya mahindi. Skolastika alifika mbio. Hakuuliza kama nimeumia. Alidai ufunguo.

Jumanne, 8 Julai
Mkwe wangu Philemoni alikuja na Noah yake kunipa pole. Gari zuri! Ila limeinama upande wa kulia. Nililipima palepale getini, mwenyewe akiwa bado kwenye usukani, anaongea na simu. Mtu mnene, lakini mpole sana. Skolastika alikataza mbio za Corolla, Noah hakuitaja. Na Nanenane i karibu! Upande wa kulia, springi za kilo kumi na mbili, au kumi na nne? Nikishaamua, utasikia kutoka kwangu.