Mjomba wa Watoto Tisa

Asubuhi ya kwanza ya uandikishaji, Mjomba alitoka nje na mswaki mdomoni akaona akina mama wanalia kwenye geti la shule. Watu wengine wakiona mama analia hujiuliza amefiwa na nani. Mjomba alijiuliza kinacholiliwa ni nini, na yeye anaweza kukiuza vipi.

Wakati huo hakuwa mjomba wa mtu yeyote. Jina alipewa mtaani, kwa sababu kila aliyekutana naye, yeye alimwita "mpwa wangu", na kila aliyeitwa mpwa wangu aliondoka amepungukiwa na kitu. Alikuwa na sauti ya pole kama ya mtu anayesoma wosia, na shati jeupe lililopigwa pasi upande wa mbele tu.

Chumba chake kilitazamana na geti lile. Kilikuwa kidogo na ukuta wake ulitoa jasho, lakini alikipanga kwa sababu maalumu. Mkewe alikuwa amerudi kwa mama yake, mwendo wa kutwa nzima kwa basi, akaondoka na binti yao wa miaka saba. Aliacha sharti moja tu: "Mtoto akipata nafasi shule ile, tunarudi. Asipopata, tutasalimiana kwa simu."

Shule ile ilikuwa ya serikali, lakini ya serikali iliyoamka vizuri. Darasa lilikuwa na watoto thelathini, kila mmoja na kiti chake, na vyoo vilikuwa na milango. Ila ilichukua watoto wa mtaa ule peke yao. Na Mjomba alikaa mtaa ule, kihalali kabisa. Binti yake alikuwa na nafasi mkononi. Angetulia, hadithi hii isingekuwepo.

Pale getini alimwona mama mmoja amekaa kwenye jiwe, tepu ya kupimia nguo shingoni. Alikuwa Fundi Cherehani, na pembeni yake alisimama binti yake mdogo, macho makavu, anamwangalia mama akilia kama anayeangalia mvua.

"Pole, mpwa wangu. Wamekuambiaje?"

"Wanataka barua ya mwenye nyumba wa mtaa huu. Mimi nakaa ng'ambo ya barabara kuu."

"Barabara kitu gani? Lami tu."

"Lami yenye malori, kaka yangu. Shule ya kule, mtoto anaivuka mara mbili kwa siku. Halafu darasa lina watoto tisini. Wa nyuma anasoma kwa kukisia."

Mjomba alitema povu la mswaki kwa heshima, pembeni.

"Huyu mtoto ana mjomba?"

"Hana."

"Basi anaye sasa. Na mjomba wake anakaa pale, mlango wa bluu. Wewe ni dada yangu, umehamia kwangu wiki iliyopita."

Fundi alimtazama. Mama mwenye hofu haulizi maswali mengi, na Fundi aliuliza moja tu, la bei. "Utataka nini?"

"Mimi? Pesa ya mama siigusi! Nishonee suti tu. Ya vipande vitatu."

Tusimlaumu haraka. Pesa huisha, lakini mwanamume aliyevaa suti ya vipande vitatu huulizwa maswali machache maisha yake yote.

Barua iliandikwa na Bibi Mwenye Nyumba, aliyekaa vyumba vya uani. Alivaa miwani iliyofungwa kwa uzi, akasoma neno kwa neno.

"Dada yako huyu? Mbona hamfanani?"

"Baba mmoja, Bibi. Mama tofauti."

Bibi akasaini. Kesho yake Mjomba alileta dada mwingine, mke wa Seremala. Keshokutwa wawili. Dada wa tano alipoingia, Bibi alishusha miwani.

"Marehemu baba yenu alikuwa dereva?"

"Kwa nini, Bibi?"

"Naona alipita mahali pengi."

Lakini alisaini. Maana mume wa dada wa tatu alikuwa fundi bomba, na bomba la uani lililovuja miaka miwili liliacha kuvuja siku hiyohiyo. Siku ya kumi dada wakawa tisa. Chumbani mwa Mjomba likaingia kabati la milango mitatu kutoka kwa Seremala, likaingia godoro la futi sita, na mikate ilikuja kila asubuhi ikiwa bado ya moto. Mjomba akaanza kutembea polepole, kama watu wenye mali wanavyotembea.

Tatizo lilikuwa Mwalimu wa Ukaguzi.

Mwalimu huyu, mwembamba, peni mbili mfukoni, alikuwa amedanganywa na barua nyingi hata akaacha kuzisoma. Alikwenda mwenyewe nyumba hadi nyumba. Alifunga dirisha, akafunga mlango, na giza likishaingia alisema neno moja tu kwa mtoto: "Washa taa." Aliamini kwamba jina la mtaa mtoto hukaririshwa njiani, lakini mkono haukaririshwi. Anayekaa ndani huijua swichi. Mgeni hupapasa.

Na swichi ya chumba cha Mjomba ilikuwa mahali ambapo mgeni angepapasa mpaka uzeeni. Fundi wa umeme aliyeiweka, sijui alikuwa anakimbia nini siku hiyo, aliiweka chini ya dirisha, usawa wa goti.

Mjomba alipopata habari hizi alifungua mazoezi. Watoto tisa walipangwa mstari mlangoni, wakafungwa macho kwa vitambaa vya Fundi Cherehani.

"Hatua tatu! Geuka kulia! Inama! Bonyeza!"

"Mjomba, nimebonyeza godoro."

"Rudi nyuma. Mtoto wa Seremala, hatua zako ni za kwenda sokoni. Fupisha!"

Watoto walidhani ni mchezo, wakaupenda. Bingwa alikuwa binti wa Fundi. Aliweza kuiwasha hata akitembea kinyumenyume, na kila taa ilipowaka alibaki palepale chini ya dirisha, anacheka, anasubiri kusifiwa.

Fundi alikuwa anapima mabega ya Mjomba kwa ajili ya suti. "Na wa kwako je? Haji kufanya mazoezi?"

"Wa kwangu ni halali, mpwa wangu. Mazoezi ni ya waongo."

"Lakini hajawahi kuingia humu."

"Ni chumba cha baba yake! Damu haipotei ndani ya nyumba."

Fundi akarudi kwenye mabega. Alikuwa na pini mdomoni.

Mwalimu wa Ukaguzi alikuja mara tisa, na mara tisa taa iliwaka. Mara ya sita alikaa kidogo kwenye godoro jipya, akajifuta jasho.

"Wewe ndiye mjomba wa hawa wote?"

"Dada zangu wamejaliwa, Mwalimu."

"Na wote wanalala chumba hiki?"

"Kwa zamu, Mwalimu."

Mwalimu akaandika: *Familia yenye mshikamano.* Mtu akishakuwa na kipimo anachokiamini, hata macho yake mwenyewe huyapumzisha.

Siku ya mwisho ikafika. Mke na binti walikuwa njiani tangu alfajiri, na basi likapata pancha. Mwalimu aliwahi, akakaa, akatazama saa. Mjomba alikuwa ndani ya suti, na Fundi alikuwa amekuja na binti yake kukaza kifungo cha mwisho cha kizibao. Ndipo mke akaingia na begi kichwani, amemshika mkono mtoto mwenye vumbi mpaka kwenye kope.

"Huyu naye mpwa?" Mwalimu aliuliza.

"Huyu ni binti yangu, Mwalimu. Wa kumzaa mwenyewe."

"Nimekuandika mjomba mara tisa. Leo umekuwa baba?"

"Nimekuwa baba miaka saba!"

"Tutaona." Akafunga dirisha. Akafunga mlango. "Mwanangu, washa taa."

Gizani kikasikika kiganja kidogo kinapiga ukuta, karibu na mlango. Pa. Pa. Pa.

"Haipo," sauti ikasema.

"Tafuta, mama," Mjomba alinong'ona. "Songa mbele kidogo, halafu ina—"

"Mjomba! Usimsaidie mtoto."

Pa. Pa. Kisha sauti ileile, sasa inakaribia kulia: "Kwa bibi iko hapahapa mlangoni."

Halafu zikasikika hatua tatu nyepesi, mtu akageuka kulia, kitu kikasema *ta*, na chumba kizima kikawaka. Chini ya dirisha, usawa wa goti, alichuchumaa binti wa Fundi, anacheka, anasubiri kusifiwa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba zamu ile haikuwa yake.

Mwalimu alimwonyesha kwa peni. "Huyu ndiye mkazi wa nyumba hii." Kisha akapiga mstari kwenye karatasi, taratibu, kama mkunga anayekata kitovu. "Aibu, Mjomba. Unamtoa mtoto huko mbali aje kunyang'anya nafasi za watoto wa mtaa!"

Mjomba alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi ukweli ulikuwa umefika kwenye ulimi wake. Mtoto pekee wa haki alikuwa huyu mwenye vumbi, na wale tisa ndio walioletwa. Lakini akimtaja mmoja, wametoka wote, na wote wana baba, na mmoja wa hao baba ni Seremala, ambaye kiganja chake ni kama ubao wa chapati. Tena Fundi alikuwa amesimama karibu yake sana, mkasi mkononi, wala hakuwa anakata uzi. Alikuwa anamtazama tu.

Mjomba akaumeza ukweli. Akageukia mlango wa uani, alikosimama Bibi Mwenye Nyumba.

"Bibi! Mwambie Mwalimu! Mimi si baba wa huyu mtoto?"

Bibi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena.

"Mwalimu, mimi kwenye nyumba hii namjua mjomba. Baba simjui."

Mwalimu akainuka. Alipofika kizingitini akakumbuka kutangaza: mwezi ujao, siku isiyotajwa, Mwalimu Mkuu mwenyewe atapita nyumba kwa nyumba, na mtoto asiyekutwa anatolewa.

Mke wa Mjomba akashusha begi. Aliangalia kabati, akaangalia godoro, akaiangalia suti kuanzia kola hadi pindo. "Umependeza," alisema, na hilo lilimuuma Mjomba kuliko kofi.

Kesho yake asubuhi Fundi Cherehani alifika uani, cherehani kichwani.

"Bibi, nataka chumba. Cha kukaa kweli. Siwezi kuishi nasikiliza hatua za Mwalimu Mkuu."

"Kipo," Bibi akasema. "Nimesaini barua tisa. Acha moja iwe ya kweli, na mimi nipate usingizi." Akamgeukia Mjomba. "Wewe kodi yako inaishia Jumamosi. Ila sina wasiwasi na wewe, una dada tisa. Utalala kwa zamu."

Kabati lilikataa kupita mlangoni, likabaki na Fundi. Godoro Bibi alisema ni la nyumba, na hakueleza zaidi. Mjomba alitafuta chumba kila mahali, na kilichokuwa wazi kwa kodi anayoiweza kilikuwa kimoja tu: kile alichohama Fundi, ng'ambo ya barabara kuu.

Wale wanane waliobaki, msidhani walishinda. Mwalimu Mkuu alipita siku ya mvua, akakuta mlango wa bluu na mtoto mmoja ndani. Wengine alisubiri waje shuleni, akawauliza mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakarudishwa katikati ya muhula, na sare zao mpya. Mtoto wa Seremala alirudi na zaidi ya sare. Juzi baba yake alimuuliza nani kavunja kioo cha dirisha, naye akajibu, "Ni mjomba," uso umetulia kabisa, kama siku ya ukaguzi. Seremala alikaa chini. Somo hilo alikuwa amelilipia mwenyewe, kwa kabati la milango mitatu.

Binti wa Mjomba akaandikishwa shule ya ng'ambo, darasa la watoto tisini. Yeye alikuwa wa tisini na moja. Asubuhi ya kwanza mama yake alimshika mkono pembeni ya lami, malori yakipita moja baada ya jingine, na Mjomba alisimama nyuma yao ndani ya suti, hana nguo nyingine safi.

"Kwa hiyo umerudi," alisema.

"Sikurudi kwako," mkewe alijibu, macho barabarani. "Mtoto lazima asome mahali. Nimerudi kwa ajili ya kumvusha hii barabara."

Jioni mtoto alitangulia kuingia chumbani, kukiwa na giza. Kiganja kikapiga ukuta mara moja tu, palepale mlangoni, na taa ikawaka.

"Baba, umeona?" alisema, akiruka kwa furaha. "Mwite yule Mwalimu aje sasa!"