Nyaya Arobaini na Nane Kifuani

Jumatatu, 3 Machi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyemtunukia mja kumbukumbu. Salamu za heshima kwa atakayeusoma ukurasa huu baada yangu.

Nimekabidhiwa nyaya za kompyuta za jengo jipya la chuo chetu. Vyumba kumi na viwili, nyaya nne kila chumba, zote zateremka hadi kabati moja. Alhamisi wazee wa bodi watakagua. Kompyuta zikishindwa kuwasiliana, uenyekiti wa kamati ya ujenzi utahamia kwa shemeji yangu, katibu. Hazitashindwa.

Fundi ameomba kubandika namba kwenye ncha za kila waya. Nimekataa. Nilihifadhi Kitabu kizima nikiwa na miaka kumi na mmoja. Nyaya arobaini na nane ni kitu gani? Fundi amesema sawa, Shehe, akatazama dari.

Jumanne, 4 Machi

Nimezihifadhi! Nne nne, kwa utaratibu wa chuoni, kuanzia maktaba dirishani. Mama watoto amenisikiliza wakati wa chai, akadai nimeruka ukumbi. Sikuruka. Nilivuta pumzi.

Jumatano, 5 Machi

Niliagiza unadhifu. Fundi ametii: amezichomoa zote kabatini na kuzifunga shada moja. Nadhifu mno. Zote za buluu.

Shemeji ameniuliza waya wa thelathini na moja ni upi. Nikaanza tangu wa kwanza, kama ipasavyo. Kwenye ishirini na tisa simu ikalia. Nikaanza upya.

"Shemeji," akasema, "wewe umezihifadhi nyaya, ila zenyewe hazijakuhifadhi."

Wivu ni maradhi. Nimemwombea.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Kila kompyuta imeitikia mbele ya wazee. Kumbe tangu alfajiri shemeji na fundi walikuwa wakipima waya mmoja mmoja na kuubandika namba. Nimelinganisha namba zao na hifadhi yangu: tumetofautiana kwenye arobaini na moja tu. Mola huwasitiri hata waliokosea.

Bodi imenisifu, ikaniongezea jengo la pili. Shemeji amenipa mkono. Hakika amefunzika.

Baada ya wageni kuondoka nimebandua namba zote. Zilichafua kazi. Kwani kuna haja gani? Nimekwisha kuzihifadhi upya, nikianzia mlangoni safari hii.

Mwenyezi Mungu akubariki, msomaji, pamoja na watu wa nyumbani kwako, na akujaalie kifua mfano wa changu.